Joram Kiango Akishuka Makambako

Mwezi wa saba, siku ambayo baridi ya Njombe ilikuwa imeshuka hadi huku kwetu Makambako, binti mmoja aliyevaa makoti mawili aliingia kwenye duka langu la steshenari. Alitaka nimchapie kurasa 14 alizoziandika kwa kalamu ya bluu kwenye daftari la hesabu. Nikaanza kuchapa, na baada ya ukurasa wa pili nikawa nasoma. Joram Kiango, yule mpelelezi wa vitabu vya Ben Mtobwa, ameshuka stendi ya Makambako usiku wa manane, anamfuatilia mtu aliyeficha fedha za wizi ndani ya shehena ya mbao. Upepo unavuma kiasi kwamba kiberiti kinamshinda. Nikaacha kuchapa.

"Hii umeitunga mwenyewe?"

"Ndiyo, dada. Ila Joram si wangu." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa naipeleka wapi?"

Nilimjibu kwa dakika tano, maana nyuma yake kulikuwa na foleni ya watu wa kopi za vitambulisho. Jibu lile halikutosha. Tangu siku hiyo wamekuja wengine: dereva wa bodaboda anayeandika mwendelezo wa tamthilia ya Kituruki kwa sababu hakuridhika na ilivyoishia, na mwalimu wa Njombe mjini mwenye hadithi ndefu ya Sungura aliyekuwa dalali wa viazi. Wote wana swali lile lile, na wote wanaliuliza kwa sauti ya chini. Haya ndiyo ningewaambia kama foleni isingekuwepo.

Kwanza, sauti ya chini iachwe. Kumchukua mhusika uliyempenda na kumpeleka safari ambayo mtunzi wake hakumpeleka ni kazi ya zamani, na sisi tunaijua kuliko tunavyokiri. Abunuwasi alikuwa mshairi wa Baghdad aliyeishi zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Pwani yetu ilimpokea, ikamfanya mjanja wa kuwaumbua wakubwa, na kila bibi aliyemsimulia aliongeza kisa chake. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, alipotoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alituletea Bwana Msa na kiko chake, pamoja na Najum anayemfuata na kushangaa. Aliyewahi kusoma visa vya Sherlock Holmes na rafiki yake Daktari Watson anatambua mara moja mbegu ilitoka wapi. Lakini mti umeota Unguja, na vitendawili anavyofumbua Bwana Msa ni vya mizimu, mashamba na siri za familia za Unguja. Na kama umri wako unafanana na wangu, umekaa kwenye kibanda cha video ukamsikia Lufufu akiifasiri filamu ya kigeni kwa Kiswahili, akiwapa wahusika maneno ambayo hawakuyasema. Tulilipa ili tumsikie yeye. Filamu ilikuwa kisingizio.

Duniani kazi hii imepata jina, hadithi za mashabiki. Sisi neno shabiki tumelizoea kwa Simba na Yanga, na linafaa vilevile hapa. Tofauti ni kwamba shabiki huyu hakai jukwaani dakika zote tisini. Kuna wakati anaomba naye aguse mpira.

Sasa, wapi pa kuipeleka kazi yako. Kwa Mtanzania mwenye simu ya kawaida, mlango wa karibu ni makundi ya simulizi ya WhatsApp na Facebook. Huko hadithi zinatoka kwa vipande, kila kipande kinaanza na "Ilipoishia" na kukatika pale moyo unapodunda. Nyingi ni hadithi za watunzi wenyewe, lakini utakuta pia miendelezo ya tamthilia na wapelelezi wa zamani waliofufuliwa. Mlango wa pili ni Wattpad, iliyoanza mwaka 2006, ambako unaweza kuandika rasimu kidogokidogo kwa simu na kuitoa ukiwa tayari. Wa tatu ni Archive of Our Own, maktaba ya bure isiyo na matangazo, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2009 na shirika la mashabiki wenyewe lisilo la kibiashara. Mwaka 2019 ilipewa tuzo ya Hugo, ambayo ni miongoni mwa tuzo kubwa za hadithi za kubuni za kisayansi na kifantasia. Kiswahili kimo kwenye orodha yake ya lugha, ila kazi zenyewe za Kiswahili ni chache, na mimi hilo naliona kama kiwanja kitupu kinachosubiri mtu wa kujenga. Kujiunga kunahitaji kuomba mwaliko na kusubiri, lakini kusoma kazi nyingi hakuhitaji hata akaunti. Jambo jingine litakalokufaa kama unaishi ambako mtandao unakuja na kuondoka: pale unaweza kupakua hadithi nzima ukiwa mjini, ukaisoma nyumbani bila bando.

Usijiunge kote kwa siku moja. Chagua kundi moja, ingia, soma kanuni zilizobandikwa juu, kisha ukae mwezi mzima ukisoma tu.

Mwezi huu wa kusoma ndio unaonigombanisha zaidi na vijana, kwa hiyo niruhusu nikae hapa kidogo. Wanaona ni kupoteza muda. Wana hadithi inawaunguza mfukoni, wanataka waitoe leo usiku. Lakini mgeni akiingia ukumbini akaanza kuongea kabla hajakaa, hata kama maneno yake ni mazuri, watu wanaangalia viatu vyake. Katika mwezi huo utajua kundi linapenda vipande vya urefu gani, nani anasomwa na kwa nini, mhusika gani amechosha watu, na saa ngapi wanakuwa mtandaoni. Utajua pia mambo ambayo hayaandikwi kwenye kanuni yoyote. Kuna kundi ambalo kumuua mhusika mkuu bila kuonya wasomaji mwanzoni ni kosa la kufukuzisha mtu. Kundi la jirani halina habari na hilo.

Na kusoma kwenyewe kusiwe kwa kimya. Hapa ndipo mgeni ana nguvu ambayo hajui anayo. Angalia chini ya kipande chochote: "nimewahi siti ya mbele", "tunasubiri", "lete vitu", "alosto inaniua". Hayo ni salamu, na salamu ni njema, lakini hazimwambii mtunzi chochote. Mtu aliyeandika mpaka saa nane usiku kwa mwanga wa simu anataka kujua kama ile sentensi aliyoirudia mara sita imefika. Mwandikie hivi: "Pale Nuru alipofunga mlango bila kugeuka, nilijua harudi tena, nikaweka simu chini kwanza." Sentensi moja inayotaja mahali halisi katika hadithi. Nimeona simulizi nyingi nzuri zikifa sehemu ya saba au ya nane, na mara nyingi sababu ni kwamba mtunzi alikuwa anaongea peke yake. Ukiwa msomaji wa namna hii kwa mwezi mmoja, siku utakapotoa cha kwako hutakuwa mgeni tena. Watu watakuja kukusoma kwa sababu uliwasoma.

Ukifika wakati wa kutoa, andika kichwa kinachojitosheleza: jina la hadithi, jina lako la utunzi, ni sehemu ya ngapi, mhusika ni wa nani na anatoka kitabu gani au tamthilia gani. Ongeza onyo kama kuna ukatili, ubakaji, kujiua au kifo cha mtoto. Archive of Our Own wameujenga utaratibu huu vizuri kwa lebo, na nadhani makundi yetu yangefaidika kuuiga, maana kwenye kundi la watu 200 yupo aliyezika mtoto juzi. Usitoe sehemu ya kwanza kabla hujamaliza angalau tano. Tafuta mtu mmoja akusomee kabla ya wengine wote, na achague kukuambia ukweli. Baada ya hapo toa kwa siku ulizoahidi. Ukisema Jumanne na Ijumaa, iwe Jumanne na Ijumaa; umeme ukikatika siku mbili, waeleze.

Kuhusu jina la mtunzi, nina kidonda. Kuna mwaka mteja aliniletea simu yake nimtolee hadithi aliyoipenda, aisome mama yake asiyeona vizuri kwenye kioo kidogo. Ilikuwa hadithi yangu. Sehemu nne, kila nukta ya kwangu, jina langu limefutwa na jina la mtu mwingine limewekwa, na chini namba ya kutuma shilingi 1,000 upate yote. Nilimchapia yule mteja kwa maandishi makubwa, sikumwambia, kwa sababu kosa halikuwa lake. Usiku nilipiga skrinishoti, nikazipanga na rasimu zangu zenye tarehe, nikamwandikia admini wa kundi ilikotoka kwa maneno ya utulivu. Iliondolewa baada ya siku tatu. Kwa hiyo tunza rasimu zako, jitumie kwa barua pepe kila ukimaliza sehemu ili tarehe ibaki. Na kama una hadithi ambayo wahusika wote ni wako, fahamu kuwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi yetu, wanasajili kazi za watunzi.

Maumivu yale yalinifundisha kuangalia upande wa pili. Heshima niliyoidai kwa sentensi zangu ndiyo ambayo Mtobwa anaidai kwangu kwa Joram Kiango, na Elvis Musiba kwa Willy Gamba. Mtobwa alifariki mwaka 2008 na Musiba 2010, lakini haki ya mtunzi haizikwi naye; inabaki kwa warithi kwa miaka mingi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi uamuzi wa nani aitafsiri na nani aigeuze kazi yake. Basi hadithi ya shabiki isiuzwe. Isichapwe kitabu cha mauzo, isifungiwe mpaka mtu atume buku, isiwekewe namba ya malipo hata ya "mwenye kuguswa". Iandike kwa upendo, mtaje mwenye mali juu kabisa, na familia au mchapishaji akiomba uiondoe, iondoe siku hiyohiyo. Wapo watakaokuambia kwamba wote wanafanya. Ndivyo alivyosema pia aliyeniuza mimi kwa 1,000.

Ukitaka uhuru zaidi, wapo wahusika wasio na mwenye kudai. Sungura na Fisi ni wetu sote. Abunuwasi vilevile. Conan Doyle alikufa mwaka 1930, na Holmes wake leo anatembea huru. Shakespeare ni huru kitambo, ila hapa kuwa makini: Shailoki ukimtaka mchukue, lakini maneno ya Mabepari wa Venisi ni ya Mwalimu Nyerere aliyetafsiri, kwa hiyo mchezo unaweza kuutumia na sentensi za Mwalimu usizichote. Na ipo njia aliyopita Muhammed Said Abdulla. Ukigundua kwamba mpelelezi wako amekuwa mtu mwingine kabisa, ana mama Lupembe, anaogopa mbwa, anaongea taratibu, mpe jina lake mwenyewe. Siku hiyo umepata mhusika wako.

Hilo linanileta kwenye jambo ambalo mtu wa huku anaweza kulifanya na wa Dar es Salaam akashindwa. Hadithi nyingi ninazosoma kwenye makundi zinatokea katika mji usio na jina: hoteli ya nyota tano, gari jeusi lenye vioo vya giza, ufukwe. Waandishi wa Njombe wanaandika ufukwe ambao hawajawahi kuukanyaga, huku mlangoni kwao wana mji ambao mpelelezi yeyote angeutamani. Fikiria Makambako. Barabara kuu ya kutoka Dar kwenda Mbeya na Tunduma inapita hapa, ya Songea inachepukia hapa, reli ya TAZARA inapita hapa. Mtu anayekimbia lazima apite Makambako, na anayemfukuza anaweza kumsubiri akiwa anakunywa supu. Usiku malori yamepangana, kila moja limebeba siri ya mwenye nalo. Panda kilomita zipatazo 60 kuingia Njombe na dunia inabadilika: karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ukungu unaokula mtu mita kumi mbele yako, misonobari iliyopandwa kwa mistari inayofanana mpaka mgeni anapotea ndani yake mchana kweupe. Mwezi wa sita na wa saba jani linaamka na barafu. Nyayo zinabaki wazi kwenye barafu ile mpaka jua lipande, kisha zinapotea. Mpe Joram nusu saa hiyo tu ya kuzisoma nyayo, uone.

Weka watu pia. Mzee anayesema "Kamwene" na kusubiri uitike kabla hajakuambia neno jingine. Mfanyabiashara wa Kikinga anayejua bei ya kila kitu kutoka Makete hadi Kariakoo. Mama wa kuchuma chai Luponde ambaye vidole vyake vinamtambulisha kabla hajasema jina. Lakini ukiweka, weka kwa usahihi, kwa sababu kwenye kundi la simulizi yupo mtu wa nyumbani. Wapo wenzetu waliotoka miaka mingi, wako Mwanza, wako Muscat, na hawa ndio wasomaji wakali kuliko wote. Wanasoma kwa njaa ya kwao, na kosa dogo linawauma.

Mambo ya usalama nitayasema kwa ufupi, ingawa ndiyo ya kuzingatiwa kabla ya yote. Ukiingia kundi la WhatsApp, kwa kawaida namba yako inaonekana na kila mwanachama. Wasichana wanajua maana yake: saa tano usiku "mambo mrembo" kutoka kwa mtu aliyesema anaipenda hadithi yako. Huna deni la kumjibu. Mzuie, mwambie admini, na admini asipochukua hatua toka. Tumia jina la utunzi na picha isiyo ya sura yako, lakini usidhani jina hilo ni pango la kujificha, maana laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Makundi mengine huanza na simulizi na kuishia kwenye ngono tupu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kusambaza ponografia kuwa kosa, na "nilikuwa natunga tu" ni utetezi dhaifu. Mhusika aliye mtoto asiingizwe kwenye mambo hayo kamwe, hata kwa mafumbo. Na anayekuomba fedha ili "akusajilie" hadithi, au akupeleke kwa mchapishaji, ni tapeli mpaka athibitishe vinginevyo.

Halafu kuna kukosolewa. Kutakuja. Gawa wakosoaji mafungu mawili: anayekusema wewe na anayeisema hadithi. Wa kwanza mpite. Wa pili mpe siku moja kabla hujamjibu, kwa sababu usiku wa kwanza kila mkosoaji anaonekana adui.

Yule binti wa makoti mawili alisubiri mwezi wake wa kusoma. Alinung'unika, lakini alisubiri. Sehemu ya kwanza ilipotoka, watu saba wakaandika siku ile ile, sita wakimsifu kwa upepo. Wa saba alikuwa mama wa Lupembe anayeishi mbali sasa. Alisema hadithi ni nzuri, ila Joram amefika mwezi wa saba na mwenyeji wake amempa ulanzi mbichi uliotoka kugemwa asubuhi. Ulanzi hugemwa masika, mianzi ikiwa na maji. "Mwezi wa saba, mwanangu, huo wameutoa wapi?"

Binti alikuja dukani amekasirika. Alisema ni hadithi tu. Nikamwambia asijibu mpaka kesho. Kesho yake akaja tena, akakaa kwenye kiti cha wateja, akafungua faili, akafuta sentensi mbili. Juu ya sehemu ya pili akaweka mstari mmoja wa kumshukuru mama wa Lupembe. Joram sasa anakunywa chai, kikombe kikubwa cha bati, mikono yote miwili imekizunguka kwa baridi.